Giza Lisivuje

Kabla sijaitwa mgonjwa niliitwa Mkwe wa Nyuki.

Jina hilo nilipewa porini, upande wa Itigi, nilipokuwa narina asali na kundi la wanaume waliokuja kila mmoja kutoka kwao. Mkono wangu wa kulia ulikuwa hauumii. Nauingiza ndani ya mzinga, nautoa umejaa miiba, na mimi naendelea kuuliza maswali yangu: kwa nini nyuki hawa ni wadogo kuliko wa msitu wa Mgori, kwa nini mzinga ule umekataliwa na huu umepokewa. Wenzangu wakatazamana. Wakasema nyuki wamenikubali, wamenioza binti yao, na mkwe hapigwi ukweni. Tangu siku hiyo nikawa natangulia kwenye kila mti.

Nilifurahi, sitadanganya. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu nilitaka kuona treni inayopita Manyoni inakwenda kuishia wapi. Nilibeba chumvi, nilisukuma mashine za kukamua alizeti, nilizunguka vijijini na baiskeli kununua kuku wa kienyeji na kuwapakia kwenye mabasi. Kazi zote hizo niliziacha katikati, na hakuna hata moja iliyowahi kunipa jina.

Siku moja tulikuwa tunachemsha masega ili kutoa nta. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya sufuria, nimeshika ukingo wake, nawasimulia habari ya jogoo aliyepotea ndani ya basi. Mmoja wetu akanusa hewa.

"Nani anachoma nyama bila kutuita?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama mmoja wa Manyoni aliyekuwa anatupikia akageuka, akaacha mwiko, akanipiga kofi la begani.

"Ni wewe! Wewe baba, ni wewe unayeungua!"

Nikatazama mkono wangu. Vidole vilikuwa vimeganda kwenye ukingo, ngozi imeanza kubadilika, na mimi sina habari. Hakuna aliyecheka tena. Hata nyuki, nadhani, siku ile walinikana.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo anasifiwa kwa mkono usiosikia moto. Naandika pia kwa mwenye doa kama langu, lile lililokuwa chini kidogo ya kiwiko, jeupe kidogo, lisilowasha. Nililipaka dawa ya fangasi msimu mzima. Lilikuwa kimya, nami nikadhani kimya chake ni kupona. Doa lisilowasha na lisilosikia ukilifinya, usilibembeleze. Nenda hospitali.

*

Nilikwenda kwa dada yangu Mariamu, nje kidogo ya Kiomboi. Ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mumewe yuko machimboni na hurudi kwa nadra, hivyo nyumba ni yake na watoto wake. Aliuona ule mkono, akafunga vidonda kwa kitambaa safi, na asubuhi akanipeleka hospitali.

Tulikaa kwenye benchi la barazani. Nikaitwa. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye haraka. Alichukua kipande cha pamba, akakisokota ncha mpaka ikawa nyembamba kama unyoya.

"Fumba macho. Kila nikikugusa, nionyeshe kwa kidole pale nilipogusa."

Nikafumba. Nikangoja. Nikasikia viatu vyake, nikasikia mtoto analia mbali, nikasikia dada anameza mate. Nikazidi kungoja. Mwishowe nikasema, "Sista, niko tayari, unaweza kuanza."

Nilipofumbua macho alikuwa ameshaiweka pamba mezani. Dada alikuwa amejiziba mdomo kwa pembe ya kitenge. Nesi alikuwa amenigusa kiganja, vidole, na mkono kupanda karibu na kiwiko, na mimi nilikuwa nimekaa kama mtu anayesubiri basi.

"Huu ni ukoma," alisema. "Usiruke. Unapona, dawa zipo, hazina malipo. Ni mwaka mzima. Kila mwezi unakuja hapa, unameza zile za mwezi mbele yangu, nyingine unakwenda nazo nyumbani. Ukishaanza dawa, muda si mrefu humwambukizi mtu. Umenisikia, dada? Hamwambukizi mtu. Na ninyi wa nyumbani mtakuja niwaangalie ngozi, kila mmoja."

Dada akatikisa kichwa kukubali, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

"Swali langu ni moja," nesi akaniambia. "Unaweza kukaa?"

"Kukaa wapi?"

"Sehemu moja."

Katika maisha yangu sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo.

*

Jioni hiyo chakula kilipoletwa, dada na watoto walikaa kwenye sinia lao, na mimi nikapewa sahani ya plastiki ya buluu. Ilikuwa mpya, na ndani yake walinijazia vizuri: ugali wa uwele, mlenda, na paja la kuku. Baada ya kula dada aliiosha peke yake, akaitundika kwenye msumari wake nje, mbali na vyombo vingine. Hakuna aliyesema kitu. Sahani yenyewe ilisema, kila siku, mchana na jioni.

Lakini sahani ningeivumilia. Lililonikata maini ni kitenge.

Bibi yetu aliyetulea alikuwa na mwiko wa hadithi. Hadithi ni za usiku, alisema. Ukisimulia mchana, ng'ombe watasahau njia ya kurudi nyumbani. Ila mtoto akiwa mgonjwa na hapati usingizi wa mchana, bibi alikuwa na ruhusa yake. Alichukua shuka au kitenge, akatufunika sote pamoja naye, akasema humu ndani sasa ni usiku. Sharti lilikuwa moja: kila mmoja amshike mwenzake, na pembe zote za nguo tuzikalie vizuri, giza lisivuje. Giza likivuja, ng'ombe wataona, watapotea.

Mimi nilikuwa mtu wa kupita. Nafika kwa dada asubuhi, alasiri nimeshaondoka. Watoto wake hawajawahi kusikia hadithi yangu ya usiku hata siku moja. Wanazijua za chini ya kitenge tu, tumebanana, tunanuka jasho na vumbi, mmoja ameshika sikio langu, mwingine kidole gumba. Rehema, mdogo wao, alipoona safari hii mjomba amekuja na hajaondoka, alileta kitenge mwenyewe.

"Mjomba, tufunike."

Dada alitoka jikoni mbio. Alimpokonya mtoto ile nguo.

"Mjomba anaumwa. Mwache apumzike."

"Tutamshika pole pole."

"Nimesema mwache! Usimguse."

Rehema alinitazama, akamtazama mama yake, akaenda kukaa nyuma ya ghala. Dada naye alirudi jikoni. Nilimsikia anapuliza moto uliokuwa umeshawaka vizuri.

Usiku nikiwa nimelala kwenye chumba cha nje, pamoja na magunia ya alizeti, nilijiapia. Sikuapa kupona. Kupona ilikuwa kazi ya vidonge. Niliapa kwamba nitakaa mpaka nirudi chini ya kile kitenge na watoto wa dada yangu. Kama ingekuwa mwaka, uwe mwaka.

*

Pakiti ya kwanza ya dawa niliimeza mvua zikianza. Nesi alinionya kwamba mkojo utatoka mwekundu, lakini hakunionya kwamba nitacheka peke yangu chooni kama mwendawazimu. Pakiti zilizofuata nilizimeza watu wakipanda, kisha wakipalilia. Ngozi yangu ikaanza kubadilika. Mimi ni maji ya kunde, lakini kufikia wakati alizeti inageuza shingo nilikuwa nimekuwa mweusi wa kung'aa, na uso umekauka kama ngozi ya ngoma. Watu niliowajua walinipita sokoni bila kunijua, na walionijua ndio waliopita haraka zaidi.

Ukianza dawa hizi na ukajiona unageuka rangi, jua kwamba hiyo ni dawa, na baadaye inafifia. Mimi sikuambiwa na kioo. Niliambiwa na mtoto.

Pale hospitalini, benchi letu liko kwenye baraza moja na chumba cha mazoezi ya viungo. Upande ule wanakaa watoto: miguu iliyopinda, shingo zisizokaza, mikono iliyozaliwa imelala. Kati yao alikuwako msichana anaitwa Wini, mwenye umri wa kuanza shule, aliyeletwa na bibi yake kutoka kijiji cha mbali. Mkono wake wa kushoto uliishi umekunjwa kifuani tangu azaliwe, na mguu wa upande huo aliuburuta kidogo. Mdomo wake ndio haukuwa na ulemavu wowote.

"Mjomba, shikamoo. Mbona kila ukija umekuwa mweusi zaidi?"

"Wini!" bibi yake akamkemea.

"Marahaba. Ni dawa."

"Ukimaliza dawa utakuwa kaniki?"

"Nikimaliza narudi rangi yangu."

"Mimi nikimaliza mazoezi narudi wapi?" akauliza, na bibi akatazama pembeni.

Nikamwuliza kama anamjua kuku kishingo. Nani wa huku asiyemjua? Ni yule anayezaliwa na shingo tupu, bila unyoya, kama amenyonyolewa nusu mpishi akaitwa.

"Kwetu yupo," akasema. "Mbaya!"

"Nina hadithi yake."

"Mchana hatusimulii," bibi akaingilia. Kumbe na kwao mwiko ulikuwepo. Nikamweleza ruhusa ya bibi yetu. Akaifikiria. Akafungua kitenge alichojifunga mabegani, kisha akakumbuka. Alinitazama mikono, akatazama mlango wa kliniki ya ukoma.

Bibi yule hakunong'ona wala hakumvuta mjukuu. Aliinuka, akaenda moja kwa moja kwa nesi, akauliza kwa sauti ambayo baraza zima lilisikia, "Sista, huyu baba wa ukoma, mtoto anaweza kukaa naye?"

"Anakunywa dawa. Anaweza kukaa naye, kula naye na kumpanda mgongoni."

"Basi," bibi akasema. Akarudi, akatufunika. Mama mmoja aliyekuwa karibu alimbeba mtoto wake akahamia mwisho wa benchi. Sikumchukia, nyumbani kwangu alikuwepo mwenzake. Lakini watoto wengine wawili watatu walijipenyeza chini ya nguo, na hivyo ndivyo hadithi ilivyoanza.

Kishingo alianguliwa katika boma la kuku wenye manyoya mengi. Walimwita Mtoro wa Sufuria. "Wewe, rudi jikoni, mpishi anakutafuta!" Hakuna aliyetaka kulala ubavuni mwake, walisema shingo yake inatia baridi. Akawa anashinda peke yake kichakani, na huko akakutana na Kobe, ambaye naye alikuwa anasemwa. Kobe walimsema kwamba ni mchoyo, anatembea na nyumba ili asimkaribishe mtu. "Mimi ningependa kukukaribisha," Kobe alimwambia Kishingo, "ila nyumba yenyewe hata mimi nimeingia kwa kubanwa." Wakawa marafiki.

"Kobe ni mwanamke au mwanamume?" Wini akauliza gizani.

"Sijui."

"Ni mwanamke," akaamua. "Endelea."

Nikaitwa ndani kabla sijaendelea. Mwezi uliofuata nilimkuta ananisubiri, na bibi ameshakikunjua kitenge.

*

Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa anapona na mkono wake ukawa unaharibika. Wakati wa baridi ya katikati ya mwaka, watu wameshavuna na upepo wa huku unapiga kuta, mkono ulinivimba na mshipa wa kiwiko ukaniuma kwa maumivu ambayo sikuwahi kuyajua. Ule mkono uliokataa kusikia nyuki sasa ulisikia hata shuka. Nilirudi hospitali kabla ya siku yangu, nikapewa vidonge vingine. Maumivu yalitulia, lakini vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjika, na havikunyooka.

Hapa nataka kuwa wazi kwako unayeanza: ukisikia maumivu ya namna hii usingoje siku ya kliniki. Mimi nilingoja siku kadhaa, nikidhani ni baridi.

Kifungo cha shati kikanishinda. Kikombe kikaniponyoka. Dada alinifungia vifungo mwenyewe, kwa ncha za vidole, akigusa kitambaa bila kugusa ngozi. Alikuwa hodari wa jambo hilo. Alinipikia uji, alinifulia, alinichemshia maji ya kulowekea mikono, aliniwekea mafuta ya alizeti ya kupaka. Alinifanyia kila kitu isipokuwa kunigusa. Nesi alikuwa ameshawapima yeye na watoto, wote salama, na alishamwambia zaidi ya mara moja kwamba hakuna hatari. Dada husikia vizuri. Ila aliwahi kumwona mzee mmoja mwenye ukoma kijijini kwetu tulipokuwa wadogo, mzee aliyewekwa nje ya mji mpaka akafa, na picha hiyo ilikuwa na nguvu kuliko nesi.

Nikiwa katika hali hiyo simu ikalia. Alikuwa kiongozi wetu wa porini.

"Mkwe! Bado unalala? Maua yamefunguka huku, mizinga inalia!"

"Mkono wangu umekunjika."

"Mkwe hahitaji mkono wa kunyooka. Njoo ukae nasi, utahesabu ndoo."

Sauti za wanaume wanaocheka zilisikika nyuma yake. Huko nilikuwa mtu mwenye jina. Asubuhi nikafunga begi, dada akiwa shambani, nikaenda stendi. Nilijiambia nitachukua dawa hospitali nyingine yoyote, na ni kweli zipo. Ila nilijijua. Ningechukua mara moja, kisha ningesikia kuna kazi ng'ambo ya reli, kisha pakiti zingebaki ndani ya begi la mtu mwingine.

Basi la Singida likaja. Kondakta akaita. Nikasimama, nikashika mlango kwa mkono mzima, na ndipo nikamkumbuka Kobe.

Kliniki iliyopita nilikuwa nimekatishwa mahali pabaya. Watoto waharibifu walikuwa wamemgeuza Kobe mgongo chini, miguu juu, kwenye jua la mchana, wakaenda zao. Kuku wenye manyoya mengi walimwona, lakini jua lilikuwa kali, kila mmoja amejibanza kivulini anahema mdomo wazi. Hapo nesi akaniita. Wini alinishika shati. "Atakufa?" Nikamwambia, "Nitakuja kukwambia."

Nikiondoka, Kobe atabaki chali. Ni jambo la kipuuzi, najua. Mtu mzima kuacha basi kwa ajili ya kobe wa hadithi. Lakini mimi nimeacha kila kitu katikati maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunisubiri kwenye benchi.

"Unapanda au unashikilia mlango usianguke?" kondakta akauliza.

"Nendeni tu," nikasema. Nilifika nyumbani kabla dada hajarudi, nikafungua begi, nikatundika nguo zangu msumarini. Ilikuwa mara ya kwanza kuzitundika.

*

Kobe hakufa. Hili nililijua kutokana na biashara yangu ya kuku, si kwa kubuni. Kiangazi, ukipakia matenga ya kuku juu ya basi, wa kwanza kuzimia ni wale wenye manyoya manene, na anayefika bado anakutazama kwa ujeuri ni kishingo. Shingo ile tupu inatoa joto. Kwa hiyo Kishingo peke yake ndiye aliyeweza kutembea juani mchana ule. Alikwenda, akachimba chini ya gamba kwa kucha, akachimba, mpaka Kobe akabingirika akasimama.

Chini ya kitenge watoto walipiga kelele hadi nesi akatoka kutazama.

Sasa ilibaki mwisho wake. Nilikuwa nao tayari, nilikuwa nimeutunga tangu mwanzo. Pakiti zimebaki chache, kiangazi kimekauka, nami kila jioni nalowesha vidole, napaka mafuta, navivuta vinyooke. Nikawasimulia: mvua ya kwanza iliponyesha, shingo ya Kishingo ilianza kuwasha, na kesho yake ikaota manyoya mazuri, ya rangi ya dhahabu, kuku wote wakamkimbilia...

"Hapana," Wini akasema.

"Hapana nini?"

"Hakuota."

"Hutaki apendeze?"

"Sasa Kobe atamjuaje?"

Joto lilikuwa jingi mle ndani.

"Kobe atakuja, atakuta kuku ana manyoya, atasema huyu sio rafiki yangu, ataondoka," akaeleza polepole, kama unavyomweleza mtu mzito wa kuelewa. "Mwache hivyo hivyo. Wao ndio wamzoee."

Bibi yake, ambaye alikuwa ameshikilia pembe ya kitenge kwa nje, alikohoa. Nilirudi kwa nesi siku hiyo nikamwuliza swali nililokuwa nalikwepa tangu baridi.

"Vidole hivi vitanyooka?"

Alivishika, akavikunja, akavinyoosha mpaka vilipokataa. "Ugonjwa unaisha. Hivi vitabaki hivi. Nitakufundisha kushikia mwiko na jembe, na utaviangalia kila siku kwa macho, maana havitakuambia vikiumia."

Nilitoka na mkono wangu nje. Miezi yote hiyo nilikuwa nautembeza mfukoni.

*

Siku ya pakiti ya mwisho mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Manyoni. Dada alisema atanisindikiza, na Rehema akakataa kubaki. Mtoto alitembea upande wa pili wa mama yake njia nzima.

Nilimeza mbele ya nesi. Alinipa mkono wa pongezi, na dada aliutazama mkono ule wa nesi ndani ya mkono wangu mweusi uliokunjika, akautazama muda mrefu. Kisha tukatoka barazani.

Wini alikuja kwa mwendo wake wa kuburuta, mbio za kwake. Alidaka vile vidole vyangu viwili vilivyokunjika, akavitumia kama mpini, akanivuta benchini.

"Leo mwisho! Wa kweli, sio ule wa manyoya!"

Nikamtambulisha dada na Rehema wake, na bibi akafungua kitenge. Watoto wakaingia. Rehema alisimama akimtazama mama yake, mguu mmoja mbele, kama mtu anayesubiri kuvuka barabara. Dada hakusema ndiyo, ila safari hii hakusema hapana. Rehema akapiga magoti, akaingia, na mkono mdogo ukakamata sikio langu palepale ulipokuwa unashika zamani.

"Mama Rehema," nikamsikia bibi wa Wini, nje ya giza, "mimi nimeshika huku. Pembe hiyo ya kwako imeachia. Giza linavuja."

Nilijua dada amesimama pale. Sharti lile alilijua kabla yangu. Yeye ndiye aliyekuwa anakalia pembe tulipokuwa wadogo, kwa sababu alikuwa mkubwa. Pembe ya kitenge huwezi kuizuia kwa kusimama. Lazima uikalie, na ukishaikalia umeshaingia.

Mwanga ulifunguka kidogo, ukajifunga. Benchi likalia. Nikanusa moshi wa jikoni kwetu na sabuni ya mche. Nikangoja, macho wazi gizani na sioni kitu, kama siku ile ya pamba.

"Mjomba, anza," Wini akanong'ona.

"Tumeshikana wote?"

"Wote."

"Mama wa Rehema naye?"

"Si amekushika mkono!" Wini akasema, akishangaa ujinga wangu. "Ule uliokunjika, hata mimi nimeushika. Amekushika kwa nguvu, na analia. Husikii?"

Sikuwa nimesikia. Kwa mkono mzima nikaupandisha wa dada mpaka pale juu ya kiwiko changu ambapo ngozi yangu bado inajua mambo, na vidole vyake vikafuata, vikapanda, vikafika. Hapo nikasikia.

"Haya," dada akasema kwa sauti ya bibi yetu. "Ng'ombe wasipotee. Simulia."

Nikasimulia. Mvua ilinyesha, na Kishingo akabaki na shingo yake.